Mwavuli Uliorudi Umefungwa

Ukitaka kunikera, niulize ni njia ipi bora ya kumfundisha mtu kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege. Nitakujibu, tena kwa kirefu, maana njia mbili nilizozijua zote zilipita kwenye mwili wangu huu. Lakini nitakujibu huku masikio yananiwaka moto. Kila nikiligusa jambo hili naliona lile shamba la Lumemo lililokwisha kuvunwa, watu wamejipanga pembeni, na mama yangu katikati yao amemkumbatia mtu ambaye si mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi askari kijana. Jeshi lilileta mafunzo ya miavuli bonde la Kilombero wakati wa kiangazi kwa sababu rahisi tu: mvua zikikatika na mpunga ukivunwa, bonde linabaki tambarare na wazi, mtu hana cha kuangukia isipokuwa mabua. Mahema yetu yalipigwa ng'ambo ya mto Lumemo, na ndege ikawa inatumia kiwanja kidogo cha Ifakara. Kwa wenzangu waliotoka mikoa ya mbali hapo palikuwa porini. Kwangu palikuwa nyumbani. Kutoka kambini mpaka Kibaoni, kwa mama, unatembea huku unapiga mluzi, na hilo ndilo lililoniponza.

Mama alikuwa mjane. Alitoka upande wa Mahenge kuja kuolewa Ifakara, akalima mpunga, akasali, akanilea peke yake tangu baba alipofariki. Aliposikia kwamba mwanaye ataruka kutoka angani, na kwamba ataruka pale pale anapoweza kumwona kwa macho yake, alitangaza. Alitangaza kwenye jumuiya ya kanisa, akatangaza kisimani, akatangaza kwenye mashine ya kukoboa. Watu wa Kibaoni walikuwa wanaijua siku ya mruko kabla baadhi ya maofisa hawajaijua. Nami sikumzuia. Kwa nini nimzuie? Nilikuwa naona raha kupita mtaani nimevaa buti, wazee wananiita kwa vyeo ambavyo sikuwa navyo.

Sasa hizo njia zenyewe. Tulikuwa na walimu wawili, na walimu hao hawakuwa wanapikika chungu kimoja. Wa kwanza alikuwa sajini wa zamani, mfupi, mwenye kifua kikubwa na sauti ambayo ukiwa msalani inakufanya usimame. Yeye aliamini kwamba mtu hafundishwi kuruka, mwili wake ndio unaofundishwa, kichwa kinyamaze. Wa pili alikuwa kapteni aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, kijana kidogo, mpole, mwenye kupenda kuchuchumaa anapoongea na askari. Yeye aliamini kwamba asiyejua anachokiogopa hawezi kukiruka. Walibishana mbele ya mkuu wa kambi mpaka mkuu akachoka. Akasema kila mmoja achukue nusu ya watu, awafundishe anavyojua, na tutaonana mlangoni mwa ndege.

Tukagawanywa basi, kama watoto wanaochagua timu. Mimi nikaangukia kwa sajini, na nilishukuru kwa sauti.

Kwa sajini hakukuwa na maneno. Alfajiri tunakimbia, kisha tunapanda jukwaa la mbao, tunaruka, tunaanguka. Miguu pamoja, magoti yalegee kidogo, kidevu kifuani, ukigusa ardhi unajitupa ubavu: mguu, paja, kiuno, mgongo, unabiringika. Halafu unapanda tena. Alikuwa ametujengea mlango wa ndege wa miti, juu ya mnara wa magogo, na kazi ilikuwa moja. Akipaza sauti "Mlangoni" unasogea, akipaza sauti "Toka" unatoka, kamba zinakushika hewani. Anayechelewa anasukumwa. Anayeuliza swali anakimbizwa kuzunguka kambi na mfuko wa mchanga begani, kwa sababu kwake anayeuliza ni mwoga anayetafuta pa kujificha. Tulirudia mpaka wenzangu wa hemani wakalalamika kwamba napiga mateke usingizini. Kweli, miguu yangu ilikuwa inatua chini hata nikiwa kitandani.

Na aibu ndiyo ilikuwa fimbo yake. Akiona mtu anasita anasema, "Haya, kaa hapo, nitamtumia salamu mama yako." Wengine mama zao walikuwa mbali. Wa kwangu alikuwa hapo Kibaoni, anavuna.

Kundi la kapteni wao walikuwa wanakaa chini. Ndiyo, chini, kwenye kivuli, kama wanasubiri uji. Siku nzima wameutandaza mwavuli kwenye nyasi, wanaonyeshwa mshono huu unafanya nini na kamba ile inakwenda wapi, kila mtu anaukunja mwenyewe na kueleza kwa mdomo wake kwa nini utafunguka. Kabla ya kupanda mnara, kapteni alimuuliza kila mmoja swali lile lile, bila kucheka: "Woga uko wapi leo?" Na mtu alipaswa kujibu mbele ya wenzake. Akipanda juu akashindwa, anaruhusiwa kushuka kwa ngazi, ila aje aseme ni kitu gani kilichomrudisha. Kapteni mwenyewe alikuwa anaruka kwanza, na yeye pia alikuwa anasema wake ulipo.

Mimi nikaliita kundi lile chekechea. Jina likashika kambi nzima.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa huko chekechea. Alikuwa mtoto wa mkata miwa wa kule mashamba ya sukari, Mwislamu, mtaratibu, baba yake alihamia huko kutafuta kazi akitokea mkoa mwingine kabisa. Tulianza jeshi pamoja na tulikuwa tunakula sahani moja. Siku moja tukiwa tunapita na mifuko yetu ya mchanga, tukamsikia anamjibu kapteni kwa sauti ya kawaida kabisa, "Afande, jana ulikuwa magotini. Leo umepanda tumboni." Kundi letu zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka mfuko ukanidondoka. Yeye alinitazama tu, akatabasamu, akaendelea kukunja mwavuli wake.

Jumapili moja tukapewa ruhusa, nikamchukua twende tukamsalimie mama shambani. Mpunga wake wa mwisho ulikuwa haujavunwa, na ndege walikuwa wanashuka kama wameitwa. Mama alikuwa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti ambacho mlinzi wa ndege hukaa juu yake akipiga debe na kuvuta kamba. Tukamwamkia, akashuka kutupikia. Mimi nilipoliona dungu lile tupu sikuweza kuvumilia. Nikapanda, nikasimama ukingoni, nikamwita mama aangalie. Nikaruka. Miguu pamoja, ubavu, paja, mgongo, nikabiringika kwenye nyasi, nikasimama na kofia bado kichwani. Mama akapiga makofi. Majirani waliokuwa wanavuna wakaacha miundu yao kutazama.

"Sasa wewe," nikamwambia rafiki yangu.

Akapanda. Akafika juu, akatazama chini, akakaa. Kisha akasema, mbele ya mama yangu na majirani zetu, "Mama, hapa naogopa kidogo."

"Basi shuka mwanangu," mama akamjibu kutoka jikoni. "Wali upo."

Akacheka. Akauliza sehemu yenye maji na udongo laini iko wapi, akajisogeza, akaruka. Alitua vibaya, mguu mmoja mbele, akaenda kifudifudi kwenye tope. Watu wakacheka na mimi nikaona huo ndio wakati wangu wa kutoa somo. Nikasimama pale nikawaeleza majirani habari yote ya walimu wawili, huyu wa kazi na huyu wa maneno, nikawaonyesha tope usoni kwa mwenzangu kama ushahidi. Mama alikuja. Alichukua pindo la khanga yake akamfuta yule kijana macho. Halafu akanigeukia.

"Na wewe huogopi?"

"Mimi? Mama, mimi nimefundishwa."

Nikamwambia zaidi. Nikamwambia sajini amenichagua niwe wa kwanza, kwa hiyo mtu wa kwanza atakayetoka kwenye ndege siku hiyo nitakuwa mimi, asisumbuke kutafuta. Akitokea wa kwanza tu, ajue ni mwanaye. Hilo lilikuwa kweli wakati ninalisema.

Siku ilipofika, jumuiya nzima ilikuja. Walikuja na vigoma, walikuja na watoto, wengine walitoka mpaka Kisawasawa. Mama alikuwa amekusanya khanga za nyumba yetu na za majirani, maana kwetu mtu wa kupongezwa hapiti kwenye vumbi, anatandikiwa khanga apite juu yake. Mimi hayo niliyaona kutokea juu. Pale kiwanjani, kabla hatujapanda, mkuu wa kambi alibadilisha mpango: ndege itapita juu ya shamba kwanza kwa kundi la kapteni, kisha itazunguka irudi kwa kundi la sajini. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza wa kundi lao. Sikujali. Nilimpiga begani nikamwambia asiache tope lingine huko chini.

Ndani ya ndege kuna waya unaopita juu, na mwavuli wa kila mtu umefungwa kwenye waya huo kwa kamba ngumu. Ukitoka, kamba inauvuta mwavuli unafunguka wenyewe. Huvuti chochote, hubonyezi chochote. Kazi yako ni kutoka tu. Mlango ulipofunguliwa upepo ukaingia na kelele ya injini ikajaa mpaka kwenye meno. Nikamwona rafiki yangu anasogea. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sijui alikuwa anasali au alikuwa anamweleza kapteni woga uko wapi. Taa ikawaka kijani. Akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja baada ya mwingine, chekechea yote, na kapteni mwenyewe akamalizia.

Ndege ikageuka. Nikasogea mlangoni.

Nimeueleza wakati huu mara nyingi kwa watu wengi, na kila mara najaribu kuueleza ili wanihurumie. Ngoja safari hii niueleze ulivyokuwa. Nilisimama, mikono kwenye kingo za mlango, nikaliona bonde lote, mto, mabati ya Ifakara yanang'aa, na chini yangu pembeni ya shamba, rangi ndogo ndogo zimetandazwa kwenye mstari. Zilikuwa khanga. Taa ikawaka kijani. Sajini alikuwa ubavuni kwangu, mdomo wake umefunguka wazi kabisa, mishipa ya shingo imemtoka, lakini sauti yake sikuisikia. Injini iliimeza. Mwili wangu ulikuwa umefundishwa kuitii sauti ile, na sauti ile haikufika, basi mwili ukakaa unaisubiri. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nawapa watu, na ina ukweli. Ila wenzangu waliokuwa nyuma yangu walifundishwa na sauti hiyo hiyo, na hawakuisikia vilevile, na wao waliruka. Mimi niliogopa. Niliogopa kutoka utosini mpaka kwenye kucha, na nilikuwa sina neno la kumwambia mtu.

Na kwa kuwa nilikuwa wa kwanza, nilikuwa nimeziba mlango. Shamba likapita chini yetu na hakuna mtu hata mmoja aliyetoka. Sajini angeweza kunisukuma; kwenye mnara alisukuma watu kwa kosa dogo kuliko hilo. Hakunisukuma. Alinitazama, akanyoosha mkono akaifungua kamba yangu kutoka kwenye waya, taratibu, kama mtu anavyomvua mtoto viatu. Akanikalisha pembeni. Ndege ikazunguka tena, na wenzangu wakaruka wote, wakinipita magotini.

Nikarudi na ndege mpaka Ifakara. Gari la jeshi likanichukua kunipeleka shambani kwa sababu vifaa vyote vilikuwa vinakusanywa huko, na dereva, ambaye hakujua, aliniuliza huko juu kukoje. Nikamwambia kuna baridi.

Tulipoingia shambani niliona kwanza mduara wa wanawake, vigelegele, vigoma. Katikati ya mduara mama yangu amemshika rafiki yangu uso kwa mikono miwili, anamzungusha, analia, amemvisha khanga mabegani. Upepo ulikuwa umemwangusha mbali, ndiyo kwanza alikuwa amefika kwa miguu; mama aliambiwa wa kwanza kutua ni mwanaye, akamchukua wa kwanza kutua. Yule mwenzangu alikuwa na vumbi usoni na kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi, amesimama kimya kabisa, mikono imelala pembeni. Aliniambia baadaye kwamba alijaribu kusema, lakini mama alikuwa anarudia "mwanangu, mwanangu," na yeye akaona akimkatiza atamvunja.

Nikashuka kwenye gari. Askari wengine wote walikuwa wanatembea wamekumbatia marundo ya kitambaa, miavuli iliyofunguka haikunjiki vizuri, kamba zinaburuta. Mimi peke yangu nilikuwa na wa kwangu mgongoni, umekaa sawasawa, umefungwa vizuri kama ulivyotoka stoo. Vigelegele vikapungua upande mmoja, halafu upande wa pili. Mama akageuka. Akanitazama, akamtazama yule aliyemshika, akanitazama tena. Akaja mpaka kwangu, akapeleka mkono mgongoni kwangu, akaugusa ule mwavuli.

"Mbona wako haujafunguka?" akauliza. Aliuliza kwa wema kabisa, kama mtu anayeuliza mbona shati halina kifungo.

Nyuma kuna kijana akasema, "Huyu karudi na ndege," na watu wakacheka kile kicheko cha kubana pua. Mama ndipo akaelewa. Nilimwona anaelewa. Akainama, akaziokota khanga zilizokuwa zimekanyagwa na buti za mwenzangu, akazikung'uta vumbi moja moja, akazitandika upya mbele yangu. Akasimama pembeni. "Pita," akasema. Akapiga kigelegele, peke yake.

Nikapita. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Nilipita juu ya khanga za majirani zetu nikiwa na mwavuli uliofungwa mgongoni, na mama yangu akipiga vigelegele ambavyo hakuna mtu aliyemsaidia kuvipiga, isipokuwa rafiki yangu, aliyeanza kupiga makofi.

Sheria ya kambi ilikuwa kwamba anayegoma mlangoni anapewa nafasi moja tena, akipata mwalimu anayekubali kumfundisha. Akigoma tena anarudishwa kikosini alikotoka, na habari yake imekwisha. Nikaenda kwa sajini jioni ile. Nilitegemea matusi, na nadhani matusi yangenipoza. Akasema, "Nilichokuwa nacho nimekupa chote. Mimi sina kingine. Nenda kwa kapteni." Akaendelea kupiga buti zake rangi.

Badala ya kwenda kwa kapteni nikaenda Kibaoni, na hasira zangu nikampelekea mama. Alikuwa amenipikia. Sahani ya wali na samaki iko mbele yangu, nami nikamuuliza ni mama gani anayeshindwa kumjua mwanaye, anakwenda kumkumbatia mtu baki mbele ya watu. Nilisema kwa ukali. Yeye alikuwa anachambua miiba ya samaki upande wangu wa sahani, kama alivyokuwa anafanya nikiwa mdogo.

"Sikuangalia," akasema. "Uliniambia wa kwanza ni wewe. Nilifumba macho tangu niliposikia ndege. Waliposema wa kwanza kafika, nikakimbia. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilikuwa nataka iishe tu."

Aliisema hivyo, akilamba vidole, bila kuona haya hata kidogo. Mimi, ambaye kwa muda wote ule nilikuwa nimebeba neno hilo kooni kama mwiba, nikashindwa kulitoa hata pale mezani kwetu. Na badala yake nikasema neno ambalo ningetoa chochote nilirudishe. Nilimwambia, "Nikipewa nafasi nyingine, usije. Usije kunitia aibu tena."

Mama akasema, "Sawa baba." Akasema siku hizo hata hivyo alikuwa na safari ya Kisawasawa kwa dada yake.

Kesho yake nikakaa chini na chekechea. Kapteni alianza upande wa pili wa mduara, woga uko wapi leo, woga uko wapi leo, na kila aliyejibu alikuwa mtu ambaye tayari amesharuka. Hilo sikulitegemea. Nilidhani ukiruka unaisha. Zamu yangu ilipofika niliitazama ardhi. Nilisema uko kila mahali. Nilikuwa nasubiri kicheko, nilijua nimekistahili, na kicheko hakikuja. Rafiki yangu alisogea kidogo kunipa nafasi kwenye kivuli. Afadhali wangecheka.

Nikajifunza upya. Niliutandaza mwavuli, nikafuata kila kamba kwa kidole, nikapanda mnara, nikashuka kwa ngazi, nikasema kilichonirudisha, nikapanda tena. Sajini alikuwa akipita karibu anapunguza mwendo, nafikiri akisikiliza. Ukiniuliza sasa nani alishinda kati yao wawili, mkuu wa kambi naye hakupata jibu, kwa sababu makundi yote yaliruka na mimi peke yangu ndiye niliyeharibu matokeo. Ninachokijua ni cha kwangu. Siku ya nafasi yangu ya pili, mlangoni, nilimwambia kapteni, kwa kupayuka ili nishinde injini, kwamba woga uko mikononi, na mikono ikaachia. Nikatoka. Na nilipoikaribia ardhi kwa kasi ambayo hakuna mtu aliyewahi kunieleza, sikukumbuka neno hata moja la kapteni. Miguu ikajiunga yenyewe, ubavu, paja, mgongo, nikabiringika. Hiyo ilikuwa kazi ya sajini.

Upepo ulikuwa umenipeleka mbali na alama, mwisho wa shamba, kwenye wanawake waliokuwa wanaokota masuke yaliyobaki baada ya mavuno. Siku hiyo hakukuwa na vigoma wala watu. Nikakusanya mwavuli wangu kifuani, nikamwamkia mama mmoja mtu mzima aliyekuwa karibu.

"Marahaba," akasema. "Nyie, yule mtoto wa mjane wa Kibaoni, yule aliyerudi na ndege, bado mnaye au mlimfukuza?"

Nilikuwa na kofia na vumbi. Hakunijua. Ningeweza kusema sijui, nikaondoka zangu, na ulimi ulishaanza kwenda huko.

"Ndiye mimi, mama," nikasema.

Alinitazama toka buti mpaka kofia. Kisha akanyoosha mdomo kuelekea nyuma yake. "Basi kamwambie mwenyewe. Tangu tumesikia ndege tunamwambia ageuke, hataki."

Hatua chache kutoka pale kulikuwa na mwanamke amekaa kwenye mabua, ametupa mgongo kwetu, khanga kichwani, kikapu kitupu mapajani. Hakuwa ameokota hata suke moja. Nikatembea mpaka nyuma yake, kamba zikiburuta. Niliijua khanga ile, niliwahi kuikanyaga.

"Kashafika chini?" akauliza, akidhani mimi ni mwenzake.

"Nimefika, mama."

Mabega yake yakashuka. Hakugeuka. "Umefunguka?"

Nikauweka mwavuli begani kwake, ukamwagika mbele mpaka mapajani, ukakifunika kikapu. Akakishika kitambaa chake kwa vidole viwili, akakivutavuta kama anavyopima khanga dukani. Bado alikuwa ametazama milimani, na mimi nimesimama nyuma yake.

"Najua ulinikataza kuja," akasema. "Sikutazama, mwanangu. Sasa naweza kugeuka?"

Nilizunguka nikapiga magoti mbele yake, ili asilazimike kugeuka yeye.